Trei ya Verna Stenerud

Verna Stenerud hanunui kitu siku ya kwanza. Ijumaa anakwenda kuangalia, Jumamosi anakwenda kusumbua, na Jumapili, bei zikishakatwa nusu, ndipo anafungua pochi. Nimekuwa jirani yake miaka ishirini na miwili, na dereva wake miaka tisa tangu macho yake yaanze kumsumbua, kwa hiyo nasema ninachokijua. Nyumba yake imejaa taa, vikombe na saa za ukutani za watu waliokwisha kufa, na hakuna kimoja ambacho hakumbuki kilitoka jiko la nani.

Aliwapikia watoto wa shule hapa mjini kwetu Albert Lea miaka thelathini na minne. Akastaafu, akamzika mumewe, na badala ya kukaa ndani ameshika tama akaanza kwenda kwenye mauzo ya nyumba, yaani kuuzwa kwa vitu vya marehemu ndani ya nyumba yake. Mtu akifa huku kwetu, wanawe humwita Roxanne Dvorak. Roxanne hubandika bei kwenye kila kitu, kuanzia kitanda hadi kijiko cha chai, hufungua mlango Ijumaa saa tatu asubuhi na kuufunga Jumapili saa kumi jioni. Verna hajakosa, isipokuwa wiki moja aliyofanyiwa upasuaji wa goti, na hata wiki hiyo alinituma mimi na orodha.

Mwezi Mei mwaka jana alinipigia simu kabla sijanywa kahawa.

"Ijumaa hii ni nyumba ya Ardis," akasema.

"Unataka kwenda kweli?"

"Shoga, usiniulize kitu ambacho unakijua."

Nilikijua. Mji mzima ulikijua. Ardis Kjelland na Verna walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu wakiwa wasichana, mpaka jioni moja ya mwaka 1993, kwenye chakula cha mavuno kanisani. Chakula kile kila mtu huja nacho kutoka kwake, na chini ya kila chombo mwenyewe hubandika kipande cha tepu ya karatasi chenye jina lake, ili baada ya kuoshwa kijulikane kirudi kwa nani. Verna alileta keki ya limau kwenye trei yake ya alumini yenye kifuniko cha kusukuma. Keki ililiwa, trei haikuonekana. Aliyekuwa zamu ya kukusanya vyombo jioni ile ni Ardis, na Verna, ambaye hajawahi kuwa na subira, alimuuliza mbele ya ukumbi mzima kama ameichukua. Ardis akajibu kwamba yeye si mwizi, akavua aproni, akaondoka. Jumapili iliyofuata alikaa upande wa pili wa kanisa. Akakaa huko miaka thelathini na mmoja, mpaka alipokufa mwezi Machi.

Na miaka yote hiyo Verna aliwaambia watu kwamba Ardis aliiba trei yake. Alimwambia mchungaji, na wachungaji wawili waliomfuata. Mimi aliniambia siku nilipohamia, kabla hajaniambia jina lake. Sasa alitaka kitu kimoja tu: aipate ile trei, aende nayo kanisani, aigeuze juu chini mezani wote waone jina, kabla wale wanaoikumbuka kesi hawajaisha.

Ijumaa tulifika saa kumi na mbili asubuhi na viti vyetu vya kukunja na chupa ya kahawa. Namba moja ya foleni ilikuwa imeshachukuliwa, kama kawaida, na Wendell Pruitt. Wendell alikuwa mtu wa posta, sasa amestaafu, anakusanya vichupa vya chumvi na pilipili. Anavyo mia nane. Nasema hivyo kwa heshima zote, ila mwanaume mwenye vichupa mia nane vya chumvi anahitaji kuzungumza na mtu.

"Umelala hapa, mzee?" Verna akamuuliza.

"Nimepumzika ndani ya gari."

"Umekoroma ndani ya gari. Kioo chote kina ukungu."

"Wivu wa namba hautakusaidia, Verna. Wewe ni wa nne, na hununui hata ukiwa wa kwanza."

Mlango ulipofunguliwa Verna hakwenda sebuleni wala vyumbani. Alinyoosha moja kwa moja jikoni. Alifungua makabati ya juu, akapiga magoti, na lile goti lake bovu, akafungua ya chini. Hakuna. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia mapazia niliposikia sauti yake karibu na mlango wa nyuma, ambako palikuwa na kirafu kidogo chenye kitabu, chupa ya jamu isiyo na kitu, na trei ya alumini.

Aliigeuza. Tepu ilikuwa pale, imebadilika rangi kidogo, na herufi zake mwenyewe za kalamu nene: V. STENERUD.

"Nilisema," akasema. Akamshika mkono mgeni aliyekuwa anapita na birika. "Dada, soma hapa. Soma kwa sauti."

Yule dada akasoma. Verna akamsomesha na mume wa yule dada. Akamsomesha Wendell, aliyekuwa na vichupa vitatu kila mkono. Nakiri kwamba nami nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeisikiliza hadithi hiyo zaidi ya miaka ishirini na nilidhani imefika mwisho.

Kisha akaona kibandiko cha bei. Dola kumi na mbili.

"Roxanne," akasema, "hii ni yangu. Ina jina langu."

Roxanne ni mwanamke mpole, lakini kazini hana mjomba. "Bi Verna, jina kwenye tepu si risiti. Nikianza kurudisha kila chenye jina la mtu chini, nusu ya jiko hili itatoka bure. Hii ni kumi na mbili leo. Jumapili ni sita."

"Nilipe kumi na mbili kununua mali yangu?"

"Au ulipe sita Jumapili, kama bado ipo."

Nilitoa pochi yangu. Nilikuwa tayari kuilipia mwenyewe, nirudi nyumbani nikale. Verna akanishika mkono kama anayezuia maafa. Akaniambia nitangulie nje, na mimi nikajua anakwenda kufanya nini, maana sisi wote wa kwenye foleni ile tunafanya, ingawa hakuna anayekiri. Alishuka na trei yake kwenye chumba cha chini ya nyumba, akaitia ndani ya sufuria kubwa la kuchemshia chupa za matunda ya kuhifadhi, akalifunika, na juu yake akaweka sanduku la mapambo ya Krismasi. Kisha akapanda juu mikono mitupu, na uso wa mtu aliyetoka kusali.

Jumamosi tulirudi kuhakikisha. Sanduku la mapambo lilikuwepo. Sufuria lilikuwepo. Ndani yake hapakuwa na kitu.

Verna aliingiza mkono mpaka begani, akidhani macho yanamdanganya. Halafu akapanda ngazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona akipanda.

"Kila jioni nikishafunga nazunguka kutoa vitu mlivyoficha," Roxanne akamwambia. "Jana nimetoa ishirini na tatu. Na sufuria la matunda, mama yangu, hilo ndilo ninaloanza nalo."

"Sasa trei iko wapi?"

"Niliirudisha mezani. Imeuzwa leo asubuhi, mlango ulipofunguliwa tu. Kwa nani, sikumbuki, walikuwa wamejaa hapa."

Tuliondoka kwa gari mpaka kwenye taa za barabarani. Kisha akasema, "Miaka thelathini na mmoja, nimeipoteza kwa dola sita." Sikucheka, ingawa siku nyingine ningecheka. Alikuwa anatazama viganja vyake. Nilimhurumia sana, na nilimkasirikia pia, vyote kwa pamoja, maana ningeilipia.

Jumapili baada ya ibada alitaka kubaki nyumbani, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko kilio. Nikamwambia mimi nataka mapazia na siendi peke yangu. Tulipoegesha mbele ya nyumba ya Ardis, Wendell alikuwa amesimama kando ya gari lake, na juu ya boneti palikuwa na trei ya alumini yenye kifuniko cha kusukuma.

"Niliiona jana mezani," akasema. "Nikajua kuna mtu ameficha, na nikajua ni nani. Namba moja ina faida zake."

Verna alishuka akaichukua kwa mikono miwili. Alimtazama Wendell kwa muda. "Umelipa bei gani?"

"Tisa. Jumamosi ni robo chini."

"Ungengoja leo, ungelipa sita."

"Verna," nikasema.

"Asante, mzee," akasema. "Asante sana."

Wendell akakuna shingo. "Ila kuna kitu kimenisumbua tangu jana. Mke wangu alikuwa anatumia tepu hiyohiyo. Ikioshwa mara tatu, nne, inabanduka. Kila chakula cha kanisani alikuwa anaandika upya." Akaigeuza trei mikononi mwa Verna. "Hii haijaguswa na maji tangu jioni ile ya kanisani. Huyu mama hakuwahi kuoka kitu humu. Hata mara moja."

Verna akasema pengine alikuwa na trei nyingi.

"Uliikuta wapi?" Wendell akauliza.

"Kwenye rafu. Karibu na mlango wa nyu..."

Huku kwetu hakuna nyumba isiyo na rafu hiyo. Ni mahali pa vitu vya watu: unaweka pale ili ukitoka usisahau kuvirudisha kwa wenyewe. Mimi pia ninayo, na wakati ule ilikuwa na mwavuli wa Verna.

Tuliingia ndani, sisi watatu. Mapazia yalikuwa yameuzwa. Verna alipita jikoni mpaka kwenye kile kirafu. Kile kitabu bado kilikuwepo, nacho ni cha maktaba, na ile chupa ya jamu ilikuwa na tepu yake chini: HAUGE. Roxanne alikuwa amevibandika bei vyote viwili. Verna alisimama pale, trei ameikumbatia kifuani.

"Aliikuta baadaye," akasema. "Nyumbani, katikati ya vyombo vyake. Ameshaapa mbele ya watu wote kwamba hana, halafu anaikuta. Ningekuwa mimi ningefanya nini? Nisingekwenda. Ningekufa nayo." Akafuta macho kwa kiwiko. "Kila siku alipotoka nje alipita mbele yake. Kila siku, shoga. Nami nilikuwa namwita mwizi."

"Angekupigia simu," nikasema.

"Nami ningempigia."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye rafu. "Mkaidi yule," akasema. "Mkaidi, mkaidi. Alikuwa mbishi kunizidi."

"Hapana," nikamwambia. "Mlitoka sare."

Alinunua kile kitabu na ile chupa kwa nusu bei, bila kuomba kupunguziwa hata senti, mpaka Roxanne akamuuliza kama anaumwa. Chupa tukaivusha barabara kwa Bi Hauge, aliyeipokea akishangaa. Kitabu tukakitumbukiza kwenye sanduku la maktaba. Verna akapangusa mikono yake, akasema rafu ya Ardis sasa ni nyeupe, na njia nzima ya kurudi aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pili, ambayo hana.

Usiku ule trei iliingia majini kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nilimwambia aipanguse tu kwa kitambaa ili tepu ibaki, akasema trei imetengenezwa kuokea. Tepu ilibanduka kwenye povu. Akaikausha kwenye dirisha, akaibandika kwenye mlango wa friji.

Ijumaa iliyofuata palikuwa na mauzo mengine upande wa pili wa ziwa. Saa kumi na mbili Verna alifungua kile kifuniko kwenye foleni, na harufu ya limau ikawafanya hata wageni waliotoka mbali wasogee. Wendell alikula vipande vitatu na kumpa Verna namba yake, namba moja, kitu ambacho sikutegemea kukiona nikiwa hai. Keki ilipokwisha, mwanamke mmoja aliomba aende na trei akaioshe kwake, akaigeuza kuangalia airudishe kwa nani. Palikuwa na tepu mpya, na herufi nene: ARDIS KJELLAND.

"Umeandika jina lake," nikamnong'oneza. "Ardis hayupo. Sasa watairudisha kwa nani?"

"Kwangu," Verna akasema, akikung'uta makombo mapajani. "Mji mzima unajua mimi ni rafiki yake."