Mkanyaga Theluji

Jirani yangu hatembei, hukanyaga. Msimu mzima wa baridi huvaa viatu vyake vya ngozi ya kulungu wa kaskazini na kuzunguka kilima cha mboji ya kinamasi nyuma ya nyumba, akishindilia theluji kati ya miti ya mibetula kwa visigino, huku akiimba wimbo usio na maneno. Moyo wa kilima ni barafu ya tangu enzi na enzi, isiyoyeyuka hata kiangazi, na humo ndimo amechimba stoo yake ya nyama. Zamani upepo ulifagia theluji, baridi ikapenya chini. Siku hizi joto limezidi, mibetula imepanda hadi kileleni na kunasa theluji, nayo, isiposhindiliwa, hulala nene juu ya ardhi kama blanketi na kuizuia baridi isifike chini. Vilima vya wengine vimeshageuka madimbwi.

"Shangazi, ikate tu mibetula hii," Ovllá, mtoto wa kaka yake, humwambia.

"Kata ndevu zako kwanza. Maisha yangu yote sina kivuli, leo kimekuja chenyewe nikifukuze?"

Agosti hii alituita tusikilize kama barafu ingalipo. Alishika fimbo ya chuma kwa mikono yake mipana, akaididimiza kwenye mboji. Ikazama nusu, ikaendelea kuzama, na Ovllá akaanza kutazama mawingu kwa adabu. Kisha: ngo.

"Mmesikia?" Akagonga tena na tena, kama anayebisha hodi kwa mtu anayejua yumo ndani. Ovllá, ambaye sijapata kumwona akifurahia chochote, alimpokonya chuma, akagonga mpaka jasho likamtoka.

"Inatosha, baba," alisema shangazi yake. "Utaiamsha."