Shada la Kukodi

Mimi nina kinyaa. Nimekana hilo tangu nitoke chuo kikuu, kwa sababu huku kwetu Karagwe msomi akikunja pua huambiwa amesahau alikozaliwa. Kwa hiyo nimekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija uliotoka mdomoni mwa mzee asiye na meno, nikasifu ndizi zilizotumika kuitengeneza. Watu wakasema huyu hajabadilika. Nilikuwa nimebadilika sana; tumbo langu ndilo shahidi.

Binti wa kaka yangu alipokaribia kuolewa, wifi yangu, mama yake, aliniomba twende Nyaishozi kuchagua maua. Waridi mabichi ya kuagizwa mjini tulishajua hatuyawezi. Mimi nilikuwa nimependekeza matawi ya kahawa, maana mvua zilikuwa zimelichanusha shamba zima, jeupe. Kaka alinitazama kama niliyesema tuchinje ng'ombe wa maziwa tupate supu.

"Kila ua hapo ni buni, dada. Unataka binti atembee na gunia langu mkononi?"

Basi, ya plastiki, ya kukodi. Mpambaji alitufungulia chumba nyuma ya duka, akamwaga furushi sakafuni. Yakatoka maua yenye weupe wa meno ya mvuta sigara, na harufu ya kitambaa cha kufutia meza kilicholala na maji. Ndani ya waridi moja palikuwa na punje ya pilau iliyokauka. Chini ya jani, mtu alikuwa amebandika bazoka aliyoitafuna, tena kwa uangalifu. Nilipoinua shada la bibi harusi, mavi ya panya yaliniangukia kiatuni, kisha mguu wa mende, bila mende.

"Siku yenyewe tunapuliza pafyumu," alisema mpambaji. "Wengi wameolewa nalo hilo."

Niliviona viganja vya hao wote, vyenye jasho, na cha binti yetu kikisubiri zamu.

"Wifi, wewe uliyesoma, unasemaje?"

Sentensi moja ingemwokoa mtoto. Nikasema, "Ni zuri. Lina hadhi."

Hata mpambaji alinitazama mara mbili. Wifi akamwambia tutalifuata Ijumaa. Nyumbani nilinawa kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha.

Jioni binti akapiga simu kutoka Bukoba anakofanya kazi.

"Shikamoo shangazi. Mama anasema shada umelipenda."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuuliza."

"Hujauliza, umeniambia."

"Haya, nauliza. Ni safi?"

Nikasema, "Ni chafu. Limenitia kinyaa hadi sasa sijala."

Akacheka. "Mama naye hajala. Anasema shangazi msomi amelisifu, yeye ni nani alikatae."

"Sasa utashika nini?"

"Mkono wa baba. Mkono wangu mwingine utainua gauni, si unajua tope la hapo kanisani? Mwambie mama asilifuate."

Nikamwambia.