Kinyozi Aliyeegemea Vichwa vya Watu

Hakuna aliyejua ni lini hasa kinyozi alianza kuegemea vichwa vya watu. Kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa, na kwa miaka mingi alisimama vizuri tu, mkono mmoja umeshika mashine, mwingine unageuza kichwa cha mteja kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Pole pole ule mkono wa kugeuza ukawa mkono wa kujishikilia. Mteja aliingia na nywele, akatoka hana nywele na shingo imekwenda upande. Waliomheshimu walivumilia. Wengine walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kunyoa hajui, lakini angalau hana uzito.

Mwanawe, mwenye kiti cha pili katika duka lilelile, akamvuta nyuma ya pazia.

"Baba, usikasirike. Watu wanalalamika. Mwezi huu ukiisha upumzike, duka nitaliendesha mimi."

"Nipumzike nina nini? Daktari kanipima juzi. Presha sina, sukari sina. Mimi ni mzima kabisa!"

"Mzima ndiyo, baba. Lakini unawalalia wateja."

Maneno yale yalimkata maini. Alijua kinachomsubiri nyumbani: kukaa kitini tangu asubuhi, huku kila anayepita akimuuliza kama amekunywa dawa, na yeye dawa hata hana. Bila kile kiti cha kunyolea hakujua angekuwa nani.

Mkewe alipoelezwa, huruma hakuwa nayo hata chembe. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kila jioni kwenye ukumbi wa mtaa kufanya mazoezi na wazee wenzake, jambo ambalo mumewe alikuwa akilicheka waziwazi.

"Shida si miguu, mzee wangu," alisema. "Shida ni hapo katikati. Tumbo limelegea, mgongo umelegea, kilichobaki na nguvu ni mdomo. Kesho tunakwenda wote."

Mwalimu wa mazoezi alikuwa msichana ambaye wazee walimbandika jina la Kaza, kwa kuwa neno hilo halikuisha mdomoni mwake.

"Shikamoo, babu. Karibu, lala chali."

"Marahaba," alijibu kinyozi, tayari amekwisha kujuta.

Walikunja magoti wakainua nyonga, wakaziteremsha taratibu. Hapo alijitahidi. Kisha wakapiga magoti na kuweka viganja sakafuni, wakanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma. Kinyozi alinyoosha, akayumba, akamwangukia bibi mmoja aliyekuwa jirani yake.

"Hata huku unaegemea watu!" mkewe alipiga kelele, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Likaja zoezi la ubao: viwiko chini, ncha za vidole vya miguu chini, mwili umenyooka, halafu unangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku hiyo kinyozi aliielewa methali hiyo kuliko aliyeitunga. Alitetemeka, akabana pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Pumua, babu!" alisema Kaza. "Kaza tumbo, pumzi iachie. Ukichoka, weka magoti chini. Hapa hatugombanii kombe."

Kando yake mkewe alikuwa kwenye ubao huohuo, amenyooka, anamsimulia mwenzake mambo ya harusi ya watu. Hilo lilimuuma kuliko tumbo.

Akajikaza kisabuni. Ukumbini alikwenda na mkewe, asubuhi akajilaza pembeni mwa kitanda na kuinua nyonga zake huku akitukana kimoyomoyo. Siku moja akavaa suruali amesimama, bila kushika chochote, akamwita mkewe aje kushuhudia. Mkewe akasema suruali ameshawahi kuziona.

Mwezi ulipokaribia kuisha, aliingia dukani mwalimu mstaafu, bingwa wa kulalamika. Alimkuta kijana ana mteja, akaketi kwa baba shingo upande.

"Leo usinikalie," alionya.

Kinyozi akampaka povu, akatenganisha miguu yake kidogo, akakaza tumbo, akaachia pumzi. Wembe ukashuka shavuni, ukazunguka kidevu, ukapita kooni. Mkono wa pili uligusa kichwa kwa ncha za vidole tu. Kwenye shavu la pili mwalimu mstaafu akaanza kukoroma. Mashine ya kijana ikanyamaza. Mwenyewe alikuwa amegeuka, anamtazama baba yake.

Mwalimu alipoamshwa alijipapasa mashavu, akatafuta la kulalamikia, akalikosa, akaondoka amekasirika.

Duka lilipobaki tupu, kijana alikuja akaketi kwenye kiti cha baba yake. Hakuwa amekikalia tangu alipoota ndevu.

"Ninyoe na mimi, baba. Na mwezi ujao ufungue wewe asubuhi. Mimi nitakuwa nachelewa kidogo."

Akavua kofia. Kinyozi akainama, na pale utosini, mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona, akaona upara umeanza. Kichwa hiki alikinyoa kikiwa na nywele za uchangani.

"Eh, mwanangu," alisema. "Kumbe na wewe unazeeka."

"Taratibu, baba. Mama asijue, atanipeleka ukumbini."