Bidole bya Papa Mugisho

Siku yangu ya kwanza mu laboratwari ya mawe, pale Ibanda, Papa Mugisho alinionyesha chupa ya plastiki. "Hii asidi, mutoto, inakula kioo, njo maana hatuiweke mu kioo. Ukiiona utasema ni maji. Hata ku ngozi, mwanzo hauisikie. Inaenda kutafuta mufupa."

Nilicheka. Nilikuwa kijana ya mudomo mingi na hasira karibu. Masomo ya mawe nilijifunza miye mwenyewe, mu bitabu bya kifaransa Monsieur le Chef de section, mukubwa wetu, aliachaga ku meza akienda kula. Ile haikuwa ndani ya bitabu, Papa Mugisho alinifunza: kusugua jiwe mpaka mwanga inapita, kupima kona ya kristali na gonyometre.

Siku moja sanduku ikafika, mawe ya mulima yenye sodium mingi, roche alcaline. Ndani mulikuwa bijiwe byeusi, sawa bipande bya sukari.

"Pyrochlore," Chef akasema. "Andika."

Lakini pyrochlore tuliijua: mara mingi iko na pande munane, ncha juu, ncha chini. Hii ilikuwa na pande sita. Papa alipima kona: nyuzi makumi tisa. Akaiweka mu mikroskopi, katikati ya filtre mbili za kuchuja mwanga. Cube ya kweli, pande sita sawasawa, inabakiaga giza hata uizungushe namna gani. Hii iliwaka kidogo, na mistari.

"Inajifanya cube," Papa akasema. "Ndani iko ingine."

Kwa kujua iko na nini ndani, lazima kuisaga na kuiyeyusha mu ile asidi. Papa alikuwa anaifanya, kopo ya platine mbele yake, wakati Chef aliingia. "Bado muko na ile pyrochlore? Mugisho amezeeka, macho yake imechoka."

Kumutukana Papa mbele yangu. Nilipiga meza na ngumi. Kopo ikaruka, na asidi ikaangukia bidole byake, pale gants ya mukono ilipasuka.

"Nini ile imemwangika?" Chef akauliza.

Papa aliniangalia. "Maji tu, patron. Ya kuosha."

Alijua akisema asidi, miye nafukuzwa palepale. Na miye nilijua haikuwa maji. Robine, maji ya kunawa asidi, ilikuwa hatua tatu. Miye, mwenye kusema kila kitu, nikanyamaza. Chef akakaa pale anatueleza pyrochlore mpaka saa sita, na Papa anaitika, "Ndiyo, patron," mukono ndani ya mufuko.

Mangaribi bidole bilikuwa byeupe. Ku lopitalo balikata tatu, mukono ya kuume.

Kazi yake niliimaliza miye. Sodium, niobium na oxygène, karibu hakuna kingine. Haikuwa pyrochlore. Papa alisema kweli, na Chef alisaini karatasi.

Balimuweka Papa sentinelle, mulinzi ya mulango. Miye nikapewa kiti yake. Kila asubuhi alinisalimia na mukono ya kushoto.

"Bidole byako?"

"Biko byote, Papa."

"Hesabu tena."

Tulicheka wote wawili. Hata siku moja hakunisemea kwa Chef, na hata siku moja sikumuomba musamaha. Akakufa vile.

Sasa niko ku pension. Asubuhi, mbele ya chai, nahesabu. Biko kumi. Nahesabu tena.