Mzigo wa Fanuel Kwenda Vuria

Fanuel Mwandoe wa Werugha aliwapandisha wageni mlima Vuria kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni hata mmoja aliyefika Vuria.

Aliwafikisha mahali paitwapo Kwa Mbuzi, kilima kidogo cha pembeni ambako wanawake walikwenda kukata majani. Kilele chenyewe kilikuwa juu zaidi, lakini huko Werugha ukungu haukosi, na ukungu ndio uliokuwa mshirika wake kazini. Akifika Kwa Mbuzi alitua mzigo, akavua kofia, akasema, "Tumefika." Wazungu wakapeana mikono. Mmoja alilia kwa furaha. Mwingine alichomeka bendera, nayo ilikaa siku mbili tu kabla Loise, mkewe Fanuel, hajaishusha na kumfunga mtoto winda.

"Na bahari iko wapi?" waliuliza, maana Fanuel alikuwa amewaambia huko chini kwamba ukiwa juu ya Vuria unaiona bahari.

"Iko pale pale," alijibu. "Imefunikwa tu."

Hakuwa mvivu, ingawa Loise angekuwa na maneno yake kuhusu hilo. Sababu ilikuwa njia. Njia ya kweli ya kwenda kileleni ilipita chini ya mwamba ambako ukoo wao uliweka mafuvu ya wazee. Ndivyo Wadawida, wenyeji wa milima hiyo, walivyofanya: mzee akifa huzikwa, na mwili ukishakwisha ardhini, fuvu lake hufukuliwa likapelekwa mwambani kukaa na baba zake. Ukoo wa Fanuel haukubarikiwa wazee wengi wa kustahili heshima hiyo. Mwambani walikuwamo watatu: Mwakio, ambaye alikuwa babu yake Fanuel, kisha baba wa huyo Mwakio, na mmoja ambaye hakuna aliyemkumbuka, ila kila mtu alimwamkia kwa adabu, asije akawa mtu mkubwa.

Fanuel alikuwa na ugomvi na Mwakio. Ugomvi na mtu aliye hai una njia zake. Utamkwepa sokoni, utamsema kwa majirani. Ugomvi na fuvu ni kazi nyingine.

Mwakio ndiye aliyemlea. Alikuwa mzee mwenye maneno mengi na meno machache, jino moja la mbele likiwa limevunjika nusu kwa sababu ya mfupa wa mbuzi aliokataa kumwachia mbwa. Alidai amewahi kuua chui kwa mwiko. Alidai pia kwamba ujanani mwake alisimama juu kabisa ya Vuria akaiona bahari, "buluu, pana, na chumvi yake nikaisikia puani." Fanuel alikua akiyameza hayo yote pamoja na uji.

Kisha Fanuel akabatizwa. Katekista aliwakataza waumini kutasa, yaani ile desturi ya Wadawida ya kujaza pombe ya miwa kinywani, kulitaja lililo moyoni, na kuipuliza nje ili hasira itoke nayo. Kwa Wadawida hasira iliyokaa moyoni ni ugonjwa. Humkohoza mtoto, huharibu mimba ya mbuzi. Mwakio alipougua alimtuma mtu amwite mjukuu wake waje watasiane, maana walikuwa wamerushiana maneno makali juu ya ubatizo ule. Fanuel alijibu kwamba yuko darasani akisoma mafundisho. Hakuwa darasani. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake akila hindi la kuchoma. Mzee akafa juma lile lile, na hasira yake akaenda nayo.

Tangu hapo Fanuel hakuukaribia mwamba. Aliona haya, na aliogopa, na hakumwambia mtu lipi kati ya hayo mawili lilikuwa kubwa.

Wageni wake wengi waliletwa na Hashil, mwenye duka karibu na stesheni ya Voi. Hashil aliuza sukari, mafuta ya taa na kaniki, na habari alizitoa bure. Ukitaka jambo lako lijulikane Voi nzima, ulimnong'oneza Hashil ukamwapisha asiseme.

Vita vya Mjerumani vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja au miwili nyuma siku aliposhuka kwenye gari moshi Mzungu mmoja aitwaye Bwana Donald, na masanduku yenye nyasi ndani na chombo cha chuma mithili ya koleo. Kazi yake ilikuwa kupima vichwa vya watu. Alikipima cha Hashil pale pale dukani, akatikisa kichwa chake mwenyewe kwa kuridhika, na Hashil, ambaye hakuna aliyewahi kukisifu kichwa chake, alilewa sifa. Katika ulevi ule akamwambia kwamba huko juu Werugha kuna vichwa vilivyokwisha kusafishwa, vimepangwa mwambani, wala havina mlinzi.

Jioni ya pili yake Hashil alitokea kwa Fanuel, kanzu imelowa jasho, anahema kama punda wa chumvi. Hakuwahi kupanda mlima maishani mwake.

"Fanuel ndugu yangu, mdomo wangu umeniponza," alisema, akaeleza yote. "Amelala hapo chini kwenye hema. Mimi ndiye mkalimani wake. Kesho ataka kupelekwa mwambani, ayatie mafuvu kwenye masanduku yende kwao. Wallahi sikudhani."

"Wewe hudhani kamwe, Bwana Hashil," alisema Fanuel. Akakaa chini. Alikuwa akimwona Mwakio ndani ya sanduku, juu ya nyasi, ndani ya meli. Babu akishapelekwa Ulaya na hasira yake, ataombwa msamaha wapi? Mtoto wao wa mwisho, Wakesho, alikuwa akikohoa tangu mvua zianze, na kila akikohoa Fanuel alitazama upande wa mlima.

"Baba Wakesho," alisema Loise, "wewe ndiye mjukuu. Nenda ukamtoe."

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Basi nenda Kikristo."

Alikwenda alfajiri, na tenga mgongoni. Loise alikuwa amelijaza viazi vitamu vya kuchemsha na majani ya mgomba, ili akikutana na watu aonekane mtu wa viazi. Chini kabisa aliweka kibuyu, na hakusema kina nini.

Mwambani Fanuel alifumba macho, akafumbua moja. Walikuwa wamejipanga watatu, kimya, na wa upande wa kulia alikuwa na jino la mbele lililovunjika nusu.

"Shikamoo, babu," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Tutazungumza baadaye." Akawatia tengani mmoja mmoja, akawafunika kwa majani na viazi, hata yule asiyejulikana. Alipogeuka ashuke, alisikia viatu vya ngozi vikikwaruza mawe. Bwana Donald alishindwa kulala kwa hamu. Nyuma yake Hashil alikuja akijikokota, upindo wa kanzu mkononi.

"Huyu hapa!" aliropoka Hashil, kisha akatamani aumeze ulimi wake.

"Nimetangulia na chakula," alisema Fanuel.

Bwana Donald alimpita, akaingia chini ya mwamba, akapapasa, akatoka na kipande cha kibuyu kikuukuu. Alisema maneno mengi ya Kiingereza. Hashil akayafasiri kwa ufupi: "Ameudhika." Kwa Mzungu alisema huenda ni fisi. Bwana Donald alilitazama tenga, akamtazama Fanuel, akasema kwa kuwa amefika mpaka hapo basi apelekwe kileleni, na mwenye chakula atangulie mbele anakoweza kumwona.

Siku hiyo, katika siku zote alizozijalia Mungu, hapakuwa na ukungu.

Njia ya kutoka mwambani kwenda juu Fanuel hakuijua, akawazungusha kwa njia yake ya siku zote, na walipofika Kwa Mbuzi miguu yake ilisimama yenyewe kwa mazoea. Akavua kofia. "Tumefika," alisema.

Bwana Donald alinyoosha kidole juu. Hapo mbele ulisimama mlima mzima, mweusi kwa msitu, kilele kikiwa wazi angani. "Na ule?"

"Ule," alisema Fanuel, "ni mwingine."

Hashil alicheka mpaka akashika ubavu. Fanuel akavaa kofia yake, akaingia msituni mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Njia aliibahatisha. Waliteleza kwenye matope, walishika mizizi, upupu uliwawasha, mara mbili walirudi nyuma kwa sababu mbele palikuwa na bonde. Na kila hatua mzee Mwakio aligonga mgongoni mwake, ko, ko, kama alivyokuwa akimgonga kwa mkongojo enzi za uhai akimharakisha shambani.

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Bwana Donald alikaa juu ya jiwe, akanyoosha mkono. Chakula. Hashil, aliyekuwa na njaa kuliko wote, aliwahi kuingiza mkono tengani, akapapasa chini ambako viazi hubaki na joto, na kidole chake kikaingia kwenye tundu lisilo la kiazi. Akapapasa tena. Kulikuwa na tundu jingine kando yake.

Fanuel alimkodolea macho Hashil, kwa maana mdomo ule haujawahi kuweka siri tangu uumbwe. Midomo yake ilichezacheza. "Inna lillahi," alinong'ona, kisha akautoa mkono polepole, akachukua kiazi cha juu, akampa Mzungu.

Bwana Donald alikila. Akataka kingine, akainuka ajichagulie mwenyewe.

"Bwana," alisema Hashil haraka, "chagua tu. Ila ujue akina mama wa huku huvitemea mate viazi wanapovipanga. Ndiyo desturi. Visichache."

Mkono wa Bwana Donald ulisimama hewani. Akakitazama kipande kilichobaki, akakiweka juu ya jiwe, akaenda kusimama mbali akitazama upande wa Kilimanjaro.

Fanuel alipiga magoti kando ya tenga. Machozi yalikuwa yakimlenga na hakujua ni ya nini. Akaangalia huku na huku, maana alikuwa amefika hatimaye, na tangu utotoni alijua kitu cha kutazama. Aliuona mlima Kasigau. Aliuona moshi wa gari moshi ukitambaa kuelekea Voi, na nyika ya Taru, nyekundu, tambarare, ikienda mpaka macho yakachoka. Alitafuta buluu. Alitafuta tena.

"Babu," alisema kwa Kidawida, "hapa hakuna bahari."

Akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka kikageuka kilio. Mzee hakuwahi kufika! Alidanganya maisha yake yote, tena kwa kutaja chumvi puani, na mjukuu akaurithi uongo ule akauuza kwa Wazungu. "Nami nilikudanganya. Sikuwa darasani. Nilikuwa nakula hindi." Akachomoa kibuyu cha Loise. Ilikuwa pombe ya miwa, kama alivyojua itakuwa. Akajaza kinywa, akaipuliza juu ya viazi na majani na wote waliokuwa chini yake. "Itoke, babu. Yako na yangu. Mtoto apone."

"Anafanya nini yule?" aliuliza Bwana Donald.

"Anaongeza chumvi, Bwana," alisema Hashil.

Bwana Donald alirudi Voi na masanduku yake ya nyasi, na kichwa pekee alichoondoka nacho kilikuwa cha Hashil, kwenye vipimo. Siku iliyofuata Fanuel aliwarejesha wazee mwambani, Mwakio mahali penye jua zaidi. Wakesho aliacha kukohoa. Katekista alisema ni dawa ya misheni, na Fanuel hakubishana naye.

Tangu hapo wageni wake walifika Vuria ya kweli, kwa njia ya mwamba, naye alipopita aliwaamkia wote watatu kwa sauti. Wageni wakifika juu, wakisha kupumua, waliuliza lile swali la siku zote, kama ni kweli bahari huonekana.

"Haionekani," alijibu Fanuel. "Lakini babu yangu aliiona."