Skrini Zisizosalimiana

Nikimwambia jirani yangu muuza makaa hapa mtaani Silanga kwamba nalipwa kutengeneza makarani wa uongo, huniuliza kama polisi wanajua. Wala si siri. Benki ninayofanyia kazi ina kompyuta kuu moja, na kila skrini ya karani lazima iandikishwe kwenye programu ya mawasiliano kabla ya kuruhusiwa kuongea nayo: jina lake, njia inayopitia, itavumiliwa muda gani ikikaa kimya kabla ya kutupwa nje. Tukibadilisha chochote, mimi huandikisha pia skrini za kuigiza za kufanyia majaribio. Hazina kioo wala kibodi. Zina jina na maagizo tu: ingia, tafuta akaunti, toa pesa, toka. Kompyuta kuu huzihudumia kama watu.

Mwaka jana mdogo wangu, karani kwenye tawi letu la Kawangware, alianza kutupwa nje na mfumo, skrini ikijifunga mteja akiwa amesimama mbele yake. Meneja wake alipouliza makao makuu, akajibiwa kwamba majaribio yote yalipita, kwa hivyo shida ni karani. Akamwambia ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, atatafuta mtu mwingine. Mimi nilishikwa na hasira, sitaficha. Mdogo wangu analea watoto wake peke yake, na mvivu si yeye.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Kawangware, nikakaa kwenye benchi la wateja nimwangalie. Alikuwa anafanya kazi mbio, macho kwenye skrini. Akaja mama mmoja mzee wa Machakos, muuza mboga, mteja wake wa siku zote, akamsalimia kwa Kikamba. Mdogo wangu hakuinua hata kichwa.

"Kitambulisho," alisema.

Mama akakifungua kutoka kwenye fundo la leso, polepole. "Kwani nimekukosea nini, mwanangu?"

Mdogo wangu akakipokea, akaanza kuchapa namba. Iliniuma sana, maana sisi hatukulelewa hivyo. Na siku hiyo mfumo haukumtupa nje hata mara moja.

Saa ya chakula nilimuuliza, tukila githeri, ni nini hii. Akanijibu bila kuniangalia. "Nikisalimia, inanitupa. Nikinyamaza, inaniacha. Afadhali waseme nina kiburi, bora nisikose kazi."

Hapo ndipo niliposhtuka: akisalimia, vidole vinasimama, na kompyuta kuu inahesabu kimya. Maagizo ya zile skrini za kuigiza niliyakuta kazini nilipoajiriwa, yameandikwa na wengine, na hayakuwa na mahali pa kupumua. Skrini zangu hazikuwa na mteja wa kuongea naye. Nao muda wa kuvumilia kimya ulikuwa umepunguzwa kwenye mabadiliko ya mwisho, na zenyewe zilikuwa na haraka mno, hazikuweza kuligundua hilo.

Niliporudi ofisini nikaziandikisha upya. Tafuta akaunti, halafu subiri: mama anauliza habari za nyumbani. Subiri tena: anafungua leso. Nikaziwasha. Zikaanguka zote, moja baada ya nyingine, palepale kwenye salamu. Sijawahi kufurahia jaribio kufeli namna hiyo. Nikamwita bosi wangu, akatazama, akakuna kidevu.

"Kumbe kosa si la yule dada."

"Si yeye. Mpigie meneja wake sasa hivi, nikisikia."

Akapiga. Muda ukaongezwa jioni hiyo, na habari ya kutafuta mtu mwingine ikaisha.

Baadaye nilipita Kawangware tena, nikapanga laini kama mteja yeyote. Mbele yangu alikuwa yule mama wa mboga. Safari hii hakusalimia. Aliweka kitambulisho juu ya kaunta, akatazama pembeni. Mdogo wangu aliondoa mikono kwenye kibodi, akamsalimia yeye kwanza.

Mama akamgeukia. "Leo una nafasi?"

"Ninayo, mama."

Basi wakaanza: mvua ya Machakos, mbuzi, goti linalomsumbua mama usiku. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akasonya. Nikamgeukia nikamwambia atulie, mashine yenyewe inangoja.