Maneno Yangu Katika Daftari la Pasta

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Kila mteja anayetaka simu yake ifutwe namuuliza kwanza kama amehifadhi vitu vyake kwingine, na asiyehifadhi namgombeza. Kwa hiyo nichekeni. Mwaka juzi, dukani kwetu mtaa wa Point, niliweka simu yangu mezani kando ya ile ya mteja, zote za aina moja, nikafuta yangu.

Ndani mlikuwa na kitabu changu. Kule Bukavu nilifundisha historia ya kale, na hapa Durban, kila Jumamosi alasiri, niliwasimulia watu wetu habari za Wagiriki na Warumi katika saluni ya dada yangu. Waliyempenda zaidi ni kaizari mmoja kigugumizi, aliyedharauliwa na jamaa zake, akaandika historia ndefu ya majirani wa Roma waliokuwa wakisahauliwa. Haikubaki. Najua kusimulia, sitajifanya mnyenyekevu: vichwa vilivyosukwa nusu vilinigeukia, na wasusi hawakulalamika. Nikifika nyumbani niliandika kwenye simu yote niliyosema. Miaka minne ya Jumamosi ikaenda na maji, nami mtu mzima nikalia.

Kisha akili ikarudi. Wako wanafalsafa wa Ugiriki ambao vitabu vyao vilipotea, na tunawajua tu kwa sababu wapinzani wao waliwanukuu ili wawaponde. Mimi nami, namshukuru Mungu, nilikuwa na mpinzani. Pasta wa kanisa letu alikuwa akija saluni, anakaa karibu na mlango, anaandika kila neno katika daftari lake, na Jumapili ananichambua mimbarini kama mchicha. Mwalimu wa wapagani, ndivyo alivyoniita mbele ya mke wangu.

Nilimfuata mtaa wa Glenwood, katika chumba alichopanga.

"Pasta, nimepoteza maandishi yangu yote. Nimekuja kuomba ya kwako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Eish, Mwalimu! Maneno yako yote iko humu, sikuacha hata moja. Utakopi. Lakini utakopi na majibu yangu, yote. Bila hivyo, hapana."

Nilikubali upesi. Majibu yake nilikuwa nimeyasikia kanisani na hayakuwahi kuninyima usingizi. Akanipa kiti na kalamu, akakaa mbele yangu kunisimamia kama mtahiniwa. Kurasa mbili za kwanza niliandika nikitabasamu, maana maneno yangu yalikuwa matamu hata katika mwandiko wake mbaya.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa Mgiriki mmoja aliyefundisha kwamba mwenye hekima hamhitaji mtu yeyote. Nilikumbuka siku ile. Nilimtetea kwa saa nzima, nikisema hata mimi ndivyo ninavyoishi. Chini yake pasta alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Kama hamhitaji mtu, mbona kila Jumamosi anatuita?"

Hilo hakuwahi kulihubiri.

Nilimtazama. Hakucheka safari hii.

"Andika, Mwalimu," akasema.

Nikaandika.